Gurudumu Halijalala

Mliponiaga pale gereji, vijana wangu, mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote nilikataa kutoa pikipiki siku ileile niliyoiwekea tairi, hata mteja apige kelele namna gani. Nilicheka nikasema ni ugonjwa wa uzee. Halikuwa jibu la kweli, na mtu aliyelelewa katika Neno hafai kustaafu akiacha uongo nyuma yake, hata uwe mdogo. Kwa hiyo nimeketi kuandika. Mambo ya vyeo na mshahara nimeyaacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika Nakuru mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikitoka Maragoli, nikiwa mtu mzima mwenye mke nyumbani, na ujuzi wa baiskeli ambao niliuona mkubwa mpaka nilipoonyeshwa pikipiki. Gereji iliyoniandika ilikuwa upande wa stesheni ya reli. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyeendesha malori ya jeshi wakati wa vita. Tulimwita Bwana Kofia, maana hata chini ya gari alilala nayo. Sisi wafanyakazi tulilala mtaa wa Bondeni. Vumbi la Nakuru mnalijua: liliingia kwenye cheni, kwenye chai na kwenye mapafu, bila ubaguzi, na wakati ule hapakuwa na vitu vingi visivyobagua.

Kona ya nyuma ilikuwa ya magurudumu ya pikipiki, na mtawala wake alikuwa Mzee Elija. Alikuwa Mkikuyu, mzee wa kanisa, aliyezaliwa na kukulia kwenye shamba la mlowezi huko Subukia. Mke wake, Mama Ruth, binti yao Ruth na mama mzazi wa Elija walikuwa bado huko shambani. Siku yangu ya kwanza nilijitokeza mikono ikiwa tayari myeusi, nikidhani nitasifiwa.

"Nenda ukanawe," akaniambia.

"Mzee, si nimekuja kushika grisi?"

"Hapa hakuna grisi. Grisi na oili zinakula mpira kama nondo anavyokula blanketi. Ukitaka grisi, rudi mbele kwa wenye injini. Ukitaka kukaa nami, nawa."

Nikanawa. Nimenawa mpaka leo.

Vifaa vyake vilikuwa vichache, na vingi alivitengeneza mwenyewe. Leva tatu za kutolea tairi alizikata kutoka springi ya lori lililokufa, akazipiga msasa mpaka ungeweza kupitisha ncha zake kwenye shavu la mtoto. Ndoo ya maji ya sabuni, sabuni ileile ya mche tuliyofulia nguo. Kopo la poda nyeupe, ili tyubu isishikane na tairi. Solusheni, ile gundi ya mpira, na viraka. Ukanda wa mpira aliokata kutoka tyubu kuukuu, wa kuzungushia rimu kwa ndani ili vichwa vya spoki visitoboe tyubu. Na waya wa lehemu kwa ajili ya kusawazisha.

Alinifundisha kwamba tairi haliingii kwa nguvu. Rimu ina bonde katikati. Ukitaka ukingo wa tairi upite upande huu, kwanza usukume ukingo wa upande wa pili ushuke bondeni. Maliza karibu na vali, kisha uibonyeze vali juu ili ujue hukubana tyubu. "Ukiona unatokwa jasho," alisema, "umekosea upande usioutazama." Nimeliona hilo katika mambo mengi zaidi ya tairi.

Kusawazisha kulikuwa raha yake. Aliliweka gurudumu kwenye ekseli yake kati ya magogo mawili, akaliacha lizunguke lenyewe. Upande mzito hushuka chini. Hapo aliweka alama kwa chaki, na upande wa juu akazungushia spoki waya wa lehemu, kidogo kidogo, mpaka gurudumu lisimame popote unapoliacha. "Sasa halina upande linaoupenda," alisema. "Kama hakimu wa haki. Sijamwona bado, lakini nimefundishwa kwamba yupo."

Halafu alilijaza upepo na kuliacha lilale. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na hapakuwa na gereji nyingine Nakuru iliyokuwa nayo. Gurudumu lililowekwa leo lililala mpaka asubuhi bila mzigo. Asubuhi alilibonyeza kwa kidole gumba, akatia mate kwenye vali atazame kama yanatoa povu, ndipo alitoe. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kiraka kibaya hakivuji kwa kelele, huvuja polepole. Tairi likilegea, ukipiga breki linateleza juu ya rimu, linaivuta tyubu na kung'oa vali. Likiwa la nyuma, unayumba. Likiwa la mbele, unazikwa.

Bwana Kofia hakuipenda desturi hiyo. "Wewe, Elija! Hii si hoteli ya magurudumu!"

"Ndiyo, Bwana," Elija alimjibu. "Hata hivyo yamelala vizuri."

Bwana Kofia alikwenda zake akinung'unika, lakini waendesha pikipiki walikuja kwake na si kwingine, naye alilijua hilo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mkikuyu.

Sitaandika siasa yake, wako walioiandika. Nitaandika nilichoona kwenye kona ya magurudumu. Wakikuyu wa mashamba ya Subukia na Njoro walipakiwa kwenye malori na mabehewa, wakarudishwa Rizavu, eneo Wakikuyu walilotengewa, hata wale ambao hawakuwahi kuiona hiyo Rizavu. Mama Ruth alikwenda, na Ruth, na mama yake Elija ambaye macho yake yalikuwa yanaanza kuzima. Elija aliomba ruhusa kwenda stesheni kuwaaga. Alirudi kabla treni haijaondoka. Alisema ilikuwa afadhali amkumbuke mama yake akiwa amesimama.

Yeye alibaki kwa sababu Bwana Kofia alitia sahihi kwamba anamhitaji. Polisi walikuwa na pikipiki za kupeleka ujumbe, na barabara za murram, changarawe tupu, zilizitafuna tairi. Basi Elija akahama Bondeni akalala stoo ya gereji, na kila alipotoka nje ya lango alitakiwa kuonyesha kibali. Wenzetu wengi waliacha kula naye mchana. Mimi sikuacha. Msinipe sifa, yeye ndiye aliyekuwa na chumvi.

Miongoni mwa askari wa pikipiki alikuwapo konstebo mmoja, Tanui, mtu wa upande wa Kericho, mrefu, mwenye pengo la meno na mzaha usiokwisha. Alipeleka ujumbe kati ya Nakuru na Molo. Wengine walipokuja walimsemesha Elija kama wanasemesha ukuta. Tanui aliingia akipiga honi.

"Mzee wa tairi! Bado hawajakupeleka?"

"Bado, mwanangu. Wanangoja kwanza tairi zako ziishe."

"Basi nitaziendesha polepole, ukae sana."

"Wewe? Polepole? Hata ng'ombe wa kwenu hawajui hilo neno."

Walicheka wote wawili. Ulikuwa mzaha wa kutisha ukiufikiria, lakini katika siku zile ndio tuliokuwa nao. Tanui aliletea kona yetu maziwa kutoka kwao kila alipopata likizo, na Elija aliomba kwa ajili yake kwa jina kila asubuhi, kama alivyotuombea sisi wengine. Alikuwa akiomba huku amefumba macho, mkono mmoja juu ya gurudumu, nasi tukingoja ndoo.

Wakati huo tyubu mpya hazikupatikana. Zilikuja kwa treni kutoka Mombasa zilipopenda, na saizi zisizo zetu. Elija alipachika kiraka juu ya kiraka. Siku moja, mchana, Tanui alileta pikipiki tairi la mbele likiwa limepasuka ubavuni. Tairi jingine lilikuwapo. Tyubu haikuwapo, ila moja kuukuu yenye kiraka kikubwa karibu na vali, mahali pabaya kuliko pote. Elija aliikwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, akangoja ikauke kama ipasavyo, akabandika kiraka upya. Alimaliza, akasawazisha, akaliegemeza gurudumu ukutani.

Ndipo lilipoingia gari la polisi na inspekta kijana wa Kizungu, ambaye hakuwa amekaa nchini muda mrefu. Alikuwa na ujumbe wa kufika Molo kabla ya jioni.

"Pikipiki wapi?" akauliza.

Elija alisimama. Mimi nilikuwa kati yao, nimeshika ndoo, kwa hiyo ninayoandika sikuyasikia kwa mtu.

"Bwana, gurudumu hili halijalala," Elija akasema. "Likienda leo, halitafika Molo."

Inspekta alimtazama Bwana Kofia. Bwana Kofia akainua mabega. "Yeye iko hivyo siku zote. Elija, toa pikipiki."

"Ndiyo, Bwana."

Inspekta akageuka akaenda garini. Elija aliinama akafunga gurudumu, akakaza ekseli, akaijaribu breki. Tanui alipopanda na kuwasha injini, Elija alishika usukani asiuachie, akasema kwa sauti ya kushinda mlio:

"Mwanangu, nisikilize. Ukifika Salgaa, simama. Shuka, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likiwa laini, usiupande mlima. Rudi kwa miguu, hata wakikufunga. Kufungwa kuna mwisho."

"Mzee, nikirudi kwa miguu na barua yao mfukoni wataninyoa bila maji!"

"Waache wakunyoe. Nywele huota. Utasimama?"

"Nitasimama, baba."

Akaondoka. Elija alibaki amesimama langoni mpaka vumbi likatua.

Tanui hakusimama. Mtu wa duka pale Salgaa alimwona akipita mbio, ameinama juu ya usukani. Penye kona za mlima wa Sachangwan pikipiki iliyumba, ikalala, na lori la mbao lilikuwa likiteremka. Dereva wa lori hakuweza kufanya lolote. Aliwaambia hivyo watu wote waliofika, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kesho yake walileta pikipiki. Niliinama nikatazama gurudumu la mbele. Vali ilikuwa imeng'oka kwenye shina lake, na kiraka kimenyanyuka ukingo mmoja, upana wa ukucha. Hapakuwa na msumari wala alama ya kisu. Ni kile kitu ambacho kingeonekana asubuhi kama lingelala. Elija alitazama juu ya bega langu. Akaketi chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, mzee wa kanisa.

"Ningelala mbele yake," akasema. "Ningelala chini mbele ya gurudumu."

Mchana polisi walikuja kumchukua. Inspekta alikuwa amekumbuka maneno aliyoyasikia. Mkikuyu alikataa kutoa pikipiki ya polisi, akasema haitafika Molo, na haikufika. Mnaweza kuona wenyewe jinsi jambo hilo lilivyoonekana mezani kwao. Kama Elija angekuwa fundi mzembe, kama angefunga gurudumu na kunyamaza, wangesema ni ajali. Uangalifu wake ndio uliomshtaki.

Alipokuwa anatiwa pingu aliniita. "Yohana. Watakuuliza nilisema nini."

"Nitasema nini, Mzee?"

"Nilichosema. Usiniongezee, usinipunguzie. Ukianza kunipunguzia watajua, na watakuchukua na wewe, na mke wako hana kosa."

Baada ya muda nikaitwa. Palikuwa na hema, meza, ofisa nisiyemjua, na mkalimani aliyevaa suti iliyombana. Niliomba kimya kimya nikiingia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote kwa utaratibu, tangu tyubu mpaka kidole gumba.

"Alisema gurudumu halitafika Molo? Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini baadaye..."

"Umeulizwa ndiyo au hapana, rafiki," mkalimani akasema. "Usitandike kitanda kando ya swali."

"Ndiyo. Ila kuna maneno mengine aliyomwambia Tanui."

Mkalimani alifasiri. Ofisa alisema neno fupi bila kuinua macho.

"Anasema Tanui hayupo wa kuulizwa."

"Mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimeshika ndoo!"

"Anasema asante kwa ndoo."

Nilijaribu tena. Askari alinishika kiwiko, si kwa ukali, kama unavyomwongoza mgeni mlangoni, nikajikuta nje kwenye jua. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa imekatwa katikati. Sikujua kabla ya siku ile kwamba nusu ya kweli inaweza kumfunga mtu kwa kamba imara kuliko uongo mzima. Bwana Kofia aliulizwa pia. Alisema Elija ni fundi mzuri. Wakamuuliza kama alikataa kutoa pikipiki. Akasema ndiyo, lakini hukataa kila siku. Nadhani na yeye alikatizwa pale penye lakini.

Hapakuwa na kesi. Palikuwa na kambi ya kizuizini, mbali, nchi kame. Nilirudi kwenye kona nikapewa leva zile tatu, na amri kwamba kuanzia hapo kila pikipiki itoke siku ileile. Nilitii kwa muda, nikiogopa kila moja iliyotoka. Nilimwomba Mungu ayalaze yeye magurudumu hayo, maana mimi sikuruhusiwa. Askari wapya walikuja, wakaniita "wewe wa tairi", nikawawekea tairi. Mkono wangu ulijua kazi. Hilo nalo ni jambo la kushukuru, kwamba mkono unaweza kuendelea wakati roho imekaa chini.

Habari ya Elija ililetwa na mtu aliyeachiwa kutoka kambini. Alipita langoni akijifanya anatafuta njia ya stesheni. Homa ya matumbo, alisema. Alizikwa pamoja na wengine. Alikuwa ameongoza sala asubuhi mpaka aliposhindwa kusimama, kisha akaziongoza akiwa amelala.

Miaka ikasogea. Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini masharti yakalegezwa, na siku moja mama mmoja alisimama mbele ya kona yangu, amejifunga leso, viatu mkononi. Sikumjua. Alikuwa amekonda kama mpini.

"Wewe ndiye Yohana?"

"Ndiye, mama."

"Mimi ni Mama Ruth."

Nilimletea ndoo, nikaigeuza akae. Alikataa chai. Alikuwa ametoka Rizavu kwa treni, na alikuwa na swali moja, akaliuliza kabla hajavuta pumzi.

"Alisema lile neno?"

"Lipi, mama?"

"Wewe unalijua. Huko tuliko, neno lilifika kabla ya habari za kifo chake. Wanasema Elija alimlaani mwana wa watu kwa kinywa, na yule mwana akafa siku ileile. Na mtu mzima akilaani, kwetu, si mchezo. Hatukuzaliwa pale, hatuna jamaa pale, walitutupa tu. Sasa sisi ni nyumba ya kinywa kibaya. Watu hawanipi moto. Waliokuja kumposa Ruth wamerudi na pombe yao. Mama yake Elija ameacha kwenda kanisani, anasema hawezi kuimba wakati watu wanasogea mbali naye kwenye benchi. Mimi nimewaambia hakusema. Nimebishana mpaka nimechoka. Kwa hiyo nimekuja kwako uniambie kwamba hakusema."

Mnaweza kufikiri ningependa kumjibu nini.

"Alisema, mama," nikamwambia. "Alisema halitafika Molo."

Aliinamisha kichwa. Nikasema: "Lakini kuna yaliyobaki. Mimi peke yangu ndiye ninayeyajua, na hakuna aliyewahi kuniacha nimalize."

"Hapa nani anakukataza?"

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya tyubu, na kiraka karibu na vali, na desturi ya kulaza. Nilimwambia juu ya usukani alioushika, na Salgaa, na kidole gumba, na kwamba kufungwa kuna mwisho lakini mlima hauna. Hapana, hilo la mlima hakulisema. Nililiongeza, nikajisahihisha papo hapo, kwa maana aliniagiza nisimwongezee. Mama Ruth alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa machozi yake. Kisha akasimama akavaa viatu.

"Mimi nikienda kuyasema haya," akasema, "watasema mke anapamba. Utakuja wewe."

"Mama, mimi ni Mluhya. Sijui lugha yenu. Watanisikiliza?"

"Ndiyo maana watakusikiliza. Wewe hutafuti shamba kwetu."

Nilikwenda kwa Bwana Kofia kuomba ruhusa. Aligeuka, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Nenda," akasema. "Siku hizo nitakukata mshahara. Na huko, jina langu usitaje." Sijalitaja mpaka leo, mmeona wenyewe.

Kijiji walichowekwa huko Rizavu kilikuwa cha vibanda vilivyopangwa mistari kama askari, na handaki kuukuu lililokizunguka lilikuwa limeanza kuota majani. Jumapili, baada ya ibada, katekista aliwaomba watu wasiondoke. Walisimama uani, mikono imefungwa kifuani. Nilisema kwa Kiswahili, yeye akafasiri kwa Kikikuyu. Nilianza na yale mabaya, kwamba alisema, kwa sauti, mbele ya inspekta. Nikaona watu wakitazamana. Kisha nikasema yaliyofuata, neno kwa neno, na katekista akawa anaongea polepole zaidi na zaidi, mpaka alipofika kwa "mwanangu, nisikilize" akalazimika kunyamaza na kuanza upya.

Mzee mmoja mwenye fimbo akaniuliza, akiniita kwa jina walilotuita watu wa magharibi: "Wewe Mkavirondo, umelipwa nini hata uje kutoka huko mbali?"

"Sijalipwa, mzee. Nimekatwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi, kisha wengine wawili watatu. Hakuna aliyesema kitu kikubwa. Mwanamke mmoja alikwenda akasimama karibu na Ruth, bega kwa bega, akitazama mbele kana kwamba ameletwa pale na upepo.

Mama yake Elija, aliyeletwa kwa ajili ya siku ile, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa kanisa. Macho yake sasa yalikuwa yamezimika kabisa. Aliinua mkono, watu wakanyamaza. Aliuliza jambo, na katekista akasita kabla ya kufasiri.

"Anauliza, mama wa yule kijana wa pikipiki, naye ameambiwa haya?"

"Sijui, mama," nikasema. "Sidhani."

"Basi mpaka leo anaamini kwamba mwanangu alimuua mwanawe."

Akageuza uso upande ilikotoka sauti yangu.

"Umetembea mbali kunifariji mimi," yule mama akasema. "Yeye hana aliyemwendea. Nenda."

Sikurudi kazini Jumatatu. Treni ilipofika Nakuru niliyaona mabati ya gereji yetu dirishani, nikashuka nikayapita bila kuingia. Nilipanda basi la Kericho lililopitia Sachangwan, likapita zile kona kwa gia nzito, nami nilifumba macho nikaomba, maana njiani nilikuwa nimeelewa uzito wa nilichobeba. Maneno ambayo yangemsafisha Elija ndiyo yatakayomwambia mama huyu kwamba mwanawe alionywa, akaahidi kusimama, akapita. Sikuweza kumpa moja bila jingine. Nilijaribu kupanga jinsi ya kumficha lile la pili, kwa huruma, nikaiona meza ile ya hemani, nikajua kwamba huruma yangu nayo ilikuwa inataka kukata kweli katikati.

Niliuliza njia kwa watu wa majani chai, wakanielekeza. Nilimkuta mama yake Tanui uani akipukuchua mahindi ndani ya ungo. Alikuwa mrefu. Alikijua Kiswahili kwa sababu aliwahi kuchuma chai kwa Wazungu.

"Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

"Nakuru, mama. Gereji, ambako Tanui alitengenezewa pikipiki. Nilikuwepo siku aliyoondoka. Nimekuja kukuambia maneno ya mwisho aliyoambiwa, na alivyoyajibu. Mengine yatakuumiza."

Mikono yake ilisimama. Akauweka ungo chini, akanivutia kigoda.

"Polisi walikuja hapa wakaniambia kidogo," akasema. "Wewe keti. Yaseme yote."